Namna ya Kuandaa Mchoro wa Ukoo Katika Familia Yenye Ataksia ya Kurithi

Ataksia si jina la ugonjwa mmoja. Ni hali ya mwili kupoteza ulinganifu wa mwendo: miguu hupepesuka, mkono hukosa tundu la kitasa, ulimi hukokota maneno, na macho hushindwa kutulia mahali pamoja. Mara nyingi chanzo chake ni kuharibika kwa serebela, ile sehemu ya ubongo iliyoko kisogoni, juu kidogo ya shingo, au kwa njia za neva zinazoingia na kutoka humo. Ulevi wa muda mrefu, kiharusi, uvimbe kichwani, upungufu wa vitamini B12 na baadhi ya dawa za kifafa vinaweza kuleta hali hiyo hiyo. Mwongozo huu unahusu ataksia inayorithiwa, na hasa unahusu jambo moja linalowapotosha watu wengi: watu wawili wa damu moja, waliorithi kasoro ile ile ya jeni, wanaweza kuugua kwa sura zisizofanana hata kidogo, hadi familia nzima ikaamini kwamba ina magonjwa mawili au matatu, au kwamba haina ugonjwa wowote wa ukoo.

Sisi tuliamini tunayo matatu. Babu yangu mzaa mama alipata ganzi ya miguu, na miundi yake ikakonda. Tukasema ni uzee. Mjomba alikakamaa miguu akiwa na miaka 24, na kwa kuwa aliwahi kuanguka kutoka kwenye ngazi, tukasema ni ajali. Mama alianza kupepesuka akiwa na miaka 41, tukasema ni shinikizo la damu. Ilipita miaka 11 kabla daktari mmoja wa mishipa ya fahamu hajachukua karatasi tupu, akachora miraba na miduara, akatuuliza juu ya kila mmoja wetu kwa zaidi ya saa nzima. Mwisho wa mazungumzo alikuwa na jina moja la kupima kwa wote watatu, na kipimo kikathibitisha: ataksia aina ya SCA3, inayoitwa pia ugonjwa wa Machado-Joseph. (SCA ni kifupi cha Kiingereza cha spinocerebellar ataxia, yaani ataksia za serebela na uti wa mgongo, na namba inayofuata hutaja aina.)

Nilipata faraja baadaye kujua kwamba hata wataalamu waliipotea njia hiyo hiyo. Katika miaka ya 1970 madaktari nchini Marekani walieleza ugonjwa wa familia ya Machado, kisha wa familia ya Thomas, kisha wa familia ya Joseph, familia zote zikiwa na asili ya visiwa vya Azores vya Ureno, na kila ugonjwa ukachukuliwa kuwa wa peke yake. Mwaka 1978 Paula Coutinho na Corino Andrade, madaktari wa Ureno waliozichunguza familia za visiwani humo, walionyesha kwamba ni ugonjwa mmoja wenye sura nyingi, kwa sababu sura zote hizo zilionekana ndani ya koo zile zile. Jeni yenyewe, ATXN3 iliyoko kwenye kromosomu ya 14, ilipatikana mwaka 1994. Walioutambua ugonjwa huo mmoja hawakuwa na kipimo cha jeni. Walikuwa na koo zilizoandikwa vizuri. Hiyo ndiyo kazi ambayo mtu yeyote mwenye subira anaweza kuifanya nyumbani, na ndiyo ninayotaka kuieleza.

Elewa kwanza unachokitafuta

Ukianza kwa kumtafuta mtu anayefanana na wewe, utapitwa na wengi. Inafaa kujua kwa nini sura hubadilika.

Katika ataksia nyingi za kurithi, kasoro iko hivi: ndani ya jeni kuna herufi za vinasaba, kwa mfano C, A na G, zinazojirudia mfululizo kama mtu aliyekwama kwenye neno moja. Kila binadamu anayo marudio hayo, na ugonjwa huja yanapovuka kiwango. Tatizo ni kwamba marudio marefu hayatulii. Huweza kuongezeka yanapotoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Kwa kawaida, kadiri marudio yanavyokuwa mengi ndivyo ugonjwa unavyoanza mapema na ndivyo unavyogusa sehemu nyingi za mwili. Ndiyo maana babu anaweza kuanza kuyumba akiwa na miaka 60, mwanawe akiwa na 40, na mjukuu akiwa bado shuleni. Katika SCA7, ambayo pamoja na kuyumba huharibu retina, utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, na kumpotezea mtu uwezo wa kuona, ongezeko hilo huweza kuwa kubwa sana, hasa jeni inapopita kwa baba, kiasi kwamba mtoto mchanga huugua kabla mzazi hajaonyesha dalili yoyote. Familia ya namna hiyo itaapa kwamba ugonjwa umeanzia kwa mtoto. Kwa upande mwingine SCA6 huanza mara nyingi baada ya miaka 50, na marudio yake hayabadiliki sana kizazi hadi kizazi. Hata hivyo jeni yake, CACNA1A, ikiwa na kasoro ya namna nyingine, humletea mtu vipindi vya kupepesuka vinavyokuja na kuondoka, na wengine huwaletea kipandauso kinachopooza upande mmoja wa mwili kwa muda.

SCA2 nayo ina mtego wake. Wengi wanaougua aina hii hupepesuka, na macho yao huwa mazito kuhama kutoka kitu kimoja hadi kingine, hivyo utaona mtu anageuza kichwa kizima pale ambapo wengine wangegeuza macho tu. Lakini katika ukoo huo huo anaweza kutokea mtu mwenye mikono inayotetemeka, hatua fupi na uso usiochangamka, akatibiwa kwa miaka kama mgonjwa wa Parkinson, na hata akapata nafuu kwa dawa za Parkinson. Huyo usimwache nje ya mchoro.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa jeni ya FMR1 iliyoko kwenye kromosomu ya X. Marudio yakiwa kati ya 55 na 200, mwanamume anaweza kuishi salama hadi apite miaka 50, kisha akaanza kutetemeka mikono na kuyumba. Binti zake wote huirithi kromosomu hiyo, na mmojawapo anaweza kukoma hedhi kabla ya kufika miaka 40. Binti huyo akimrithisha mwanawe wa kiume marudio yaliyozidi 200, mtoto huzaliwa na ulemavu wa akili. Watu watatu, madaktari watatu tofauti, kliniki tatu zisizozungumza. Na jeni ni moja. Hakuna atakayeliona hilo ila yule aliyewaweka watatu hao kwenye karatasi moja.

Ataksia zinazohitaji kurithi kasoro kutoka kwa wazazi wote wawili zina hadithi nyingine. Mashuhuri kati yake ni ataksia ya Friedreich, iliyopewa jina la Nikolaus Friedreich wa Heidelberg, Ujerumani, aliyeieleza mwaka 1863. Jeni yake, FXN, ilipatikana 1996. Hapa wazazi huwa wazima, na kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuugua. Mara nyingi huanza kati ya miaka 5 na 15, lakini wapo wanaoanza baada ya 25, na hata baada ya 40. Kati ya ndugu wawili, mmoja anaweza kutangulia kwa mgongo kupinda upande na nyayo zenye upinde mkubwa, huku mwingine akigunduliwa kwa misuli ya moyo iliyonenepa, au kwa kisukari, na kuyumba kukaja baadaye.

Kuchora

Chukua karatasi kubwa na uilaze kwa upana. Mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara, aliyefariki hukatwa kwa mstari wa mshazari, na wewe uliyeanzisha uchunguzi unawekewa mshale. Wenzi huunganishwa kwa mstari wa kulala, watoto huteremka chini yao kwa mpangilio wa kuzaliwa, mkubwa kushoto. Ikiwa wenzi wana udugu wa damu, chora mistari miwili badala ya mmoja, kwa kuwa jambo hilo huongeza uwezekano wa ataksia ya kurithi kutoka pande zote mbili. Panda angalau vizazi vitatu, na uandike pande zote mbili za ukoo hata kama una hakika ugonjwa uko upande mmoja.

Hapa lugha yetu yenyewe inahitaji uangalifu. Tunasema "ndugu" tukimaanisha watu wengi, na binamu tunamwita kaka bila kuona tofauti. Baba mkubwa na baba mdogo ni baba, na watoto wao ni ndugu zetu. Hayo ni mazuri katika maisha, lakini daktari anayesikia "kaka yangu naye anaugua" atapiga hesabu ya mtu wa tumbo moja nawe. Kwa hiyo andika kwa kila mmoja: ni wa baba mmoja na mama mmoja, ni wa mama mmoja tu, ni mtoto wa kufikia, au ni mtoto wa kulea. Iwapo kuna siri ya nani ni baba wa nani, usiilazimishe itoke mbele ya watu. Mnong'oneze daktari kwamba kiungo hicho hakina uhakika, na kwenye karatasi uweke alama ya kuuliza tu.

Kosa kubwa ninalokuomba uliepuke ni la kupaka wino mmoja kwa wagonjwa wote. Vitabu hufundisha kujaza umbo la mgonjwa kwa rangi nyeusi, na katika ugonjwa wenye sura moja hiyo inatosha. Katika ataksia, rangi hiyo moja hufuta kile kile unachokitafuta. Chini ya kila umbo andika dalili ya kwanza na umri ilipoanza, dalili zilizofuata, umri wa kuanza kutumia fimbo au kiti cha magurudumu, na umri wa kufariki pamoja na sababu iliyotajwa. Andika pia magonjwa yanayoonekana hayahusiani: mtoto wa jicho akiwa kijana, kisukari, kifo cha ghafla cha moyo, kukoma hedhi mapema, kikohozi kikavu cha miaka mingi. Hata saratani ya titi ina nafasi yake, kwa sababu katika ataksia-telanjiektasia, ugonjwa wa watoto unaotokana na jeni ya ATM, wanawake wa familia wanaobeba nakala moja tu ya kasoro hawapepesuki kamwe, ila hatari yao ya saratani hiyo huwa kubwa kuliko ya wengine.

Kuwauliza wazee

Usiulize, "Je, kuna mtu wetu aliyekuwa na ataksia?" Utajibiwa hapana, na jibu litakuwa la kweli, kwa maana neno hilo halikuwapo midomoni mwao. Uliza matendo. Nani alianza kutembea akishika ukuta? Nani aliacha kupanda ngazi, au aliacha kushona, au aliacha kuandika kwa sababu mwandiko uliharibika? Nani alikuwa akipaliwa na maji kila mara? Nani alizungumza kama aliyelewa? Nani aliogopa kutembea gizani? (Swali hili la mwisho lina maana zaidi ya linavyoonekana, kwa kuwa mtu ambaye neva za miguu yake zimekufa hutegemea macho kujua nyayo zake zilipo, na taa ikizimwa huanguka.)

Kisha uliza swali ambalo katika familia nyingi halijawahi kuulizwa: nani alisingiziwa ulevi? Mjomba wetu alifukuzwa kazi kwa sababu hiyo, ilhali hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Wapo watu waliozikwa na jina la mlevi, na watoto wao wakainamisha vichwa kwa aibu, kumbe ni serebela iliyokuwa ikichakaa. Ukilipata jina la namna hiyo liandike kwa heshima, kwa sababu huenda huyo ndiye kiungo kilichokuwa kinakosekana kati ya vizazi viwili.

Umri wa kuanza kuugua ndicho kipimo muhimu kuliko vyote kwenye mchoro, nacho ndicho wazee hukikosea zaidi. Usidai mwaka. Funga kumbukumbu kwenye matukio: ilikuwa kabla au baada ya kuzaliwa kwa kitinda mimba, alikuwa bado kazini, aliweza kucheza siku ya harusi ya fulani? Picha za zamani husaidia kuliko maneno. Sisi tulikuwa na picha moja ukutani miaka yote: watu saba wamesimama, na babu yuko nyuma ya kiti, mkono wa kulia umekamata mgongo wa kiti kwa vidole vilivyojikunja, miguu ameitanua kupita upana wa mabega. Wengine wote miguu yao imekaribiana. Siku tuliyoiteremsha tukakuta mwaka umeandikwa nyuma yake kwa penseli, tukapiga hesabu: alikuwa na miaka 47, wakati sote tulikuwa tukisema alianza baada ya 55.

Jihadhari pia na ukoo unaoonekana hauna mgonjwa. Mzazi aliyefariki kijana huenda alibeba kasoro bila kufikia umri wa dalili. Mzazi mwingine ana dalili ndogo mno asizozitambua, akidai ni goti. Kuna pia mzazi mwenye marudio yaliyo mpakani, mzima kabisa, ambaye marudio yake yaliongezeka kwa mtoto. Kwa sababu hizo usimwambie daktari "kwetu hakuna". Mwambie ulichokijua na ambacho hukuweza kukijua, kwa mfano kwamba bibi alifariki akiwa na miaka 33 wakati wa kujifungua.

Kurekodi mwili unavyokwenda

Video fupi ya simu huongeza uzito wa mchoro, hasa kwa ndugu wanaoishi mbali na hawawezi kufika kliniki. Omba ruhusa kwanza, na umweleze mhusika nani ataiona. Mtu mmoja arekodi na mwingine asimame karibu na mgonjwa, urefu wa mkono, tayari kumdaka. Mrekodi akitembea hatua kumi na kugeuka. Akitembea kwa kufuatisha kisigino cha mguu mmoja na vidole vya mwingine. Akisimama miguu pamoja. Akigusa pua yake kisha kidole chako mara kadhaa. Akisema silabi "pa-ta-ka" harakaharaka kwa sekunde kumi. Na akifuata kalamu kwa macho bila kugeuza kichwa. Uso uonekane, na miguu ionekane hadi sakafuni. Madaktari wana kipimo kiitwacho SARA chenye vipengele vinane na alama kutoka 0 hadi 40, na video kama hiyo inawasaidia kuona takribani mgonjwa yuko wapi.

Usimrekodi wala kumchunguza ndugu asiye na dalili, hata kwa utani wa kumwambia atembee juu ya mstari. Nitaeleza sababu mbele kidogo.

Kupeleka mchoro na kuomba kipimo sahihi

Anayepimwa kwanza ni yule mwenye dalili zilizo wazi zaidi. Jeni ikishajulikana kwake, wengine hupimwa kwa jeni hiyo moja tu. Ikiwa mgonjwa huyo ni mzee au hali yake ni dhaifu, uliza kama sampuli yake ya damu inaweza kuhifadhiwa, kwani akiondoka bila sampuli, ukoo hupoteza ushahidi wake bora.

Muulize daktari swali hili kwa maneno haya haya: "Kipimo hiki kinahesabu marudio?" Vipimo vingi vya kisasa vinavyosoma jeni maelfu kwa mara moja ni vizuri katika kuona herufi iliyobadilika, lakini vinaweza kupita juu ya marudio marefu bila kuyaona, na mgonjwa akapewa jibu la "hakuna kasoro" wakati kasoro ipo. Kwa SCA1, 2, 3, 6, 7, kwa Friedreich na kwa FMR1, marudio hupaswa kutafutwa kwa njia mahususi. Hapo ndipo maandishi yako ya chini ya kila umbo yanapofanya kazi: upofu kwenye ukoo unaelekeza SCA7, kifafa kikiambatana na ataksia kinaweza kuelekeza SCA10, moyo na kisukari kwa ndugu wa tumbo moja huelekeza Friedreich.

Kabla ya hayo yote, aina chache zinazotibika zitafutwe mapema, hata kama hazielekei sana. Upungufu wa vitamini E unaotokana na jeni ya TTPA hufanana mno na Friedreich, lakini hutibiwa kwa vitamini E ya kiwango kikubwa, na kuchelewa kunagharimu neva ambazo hazirudi. Ugonjwa unaoitwa zanthomatosi ya ubongo na kano humwanza mtu kwa kuhara utotoni, mtoto wa jicho akiwa kijana na uvimbe kwenye kano za visigino, kisha ataksia. Nao una dawa, asidi ya kenodeoksikoliki. Vipindi vya kupepesuka vinavyokuja na kupita mara nyingi hupungua kwa dawa iitwayo asetazolamidi. Kwa Friedreich yenyewe, dawa iitwayo omaveloxolone iliidhinishwa Marekani Februari 2023 kwa wenye umri wa miaka 16 na zaidi. Haiponyi, ila hupunguza kasi. Mtoto anayeshukiwa kuwa na ataksia-telanjiektasia, mwenye vimishipa vyekundu kwenye weupe wa macho na maambukizi ya mara kwa mara, aepushwe na eksirei zisizo za lazima kwa sababu seli zake hazistahimili mionzi.

Kwa aina nyingine zote, mazoezi ya viungo yanayolenga mizani na ulinganifu, pamoja na tiba ya usemi na umezaji, ndiyo nguzo, na hayasubiri jibu la jeni.

Kusoma majibu

Ripoti huwa na namba mbili, moja kutoka kwa kila mzazi. Ya SCA2, kwa mfano, inaweza kusomeka 22/37: ile 22 ni ya kawaida kabisa, na 37 imevuka kiwango, ambacho kwa jeni hiyo huanzia takribani 33. Namba za jeni moja hazilinganishwi na za nyingine. Katika SCA6 marudio 22 tayari ni ugonjwa, na katika SCA3 mtu mwenye 40 ni mzima, kwa kuwa ugonjwa huanzia karibu na 60. Friedreich husomwa tofauti, kwani nakala zote mbili zina kasoro, na ile fupi kati yake ndiyo inayohusiana zaidi na umri wa kuanza kuugua.

Andika namba hizo kwenye mchoro chini ya kila aliyepimwa, lakini usizitumie kutabiri mwaka wa mtu kuugua. Zinaeleza sehemu tu ya tofauti. Ndugu wawili wenye marudio sawasawa wanaweza kupishana kwa miaka mingi, kwa sababu jeni nyingine za mwili na mambo ambayo bado yanachunguzwa vinachangia.

Wasio na dalili

Katika aina za kurithi kutoka kwa mzazi mmoja, kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi nusu kwa nusu. Mchoro ukikamilika, kila mwanafamilia ataiona nafasi yake pale bila kuambiwa, na kwa hiyo usiubandike mahali pa wazi wala kuusambaza kwenye kundi la simu la ukoo. Mtu mzima ana haki ya kupima na ana haki ile ile ya kutojua. Watoto wadogo wasio na dalili hawapimwi kwa magonjwa ya utu uzima yasiyo na kinga, ili wafanye uamuzi huo wenyewe wakikua. Kipimo cha kutabiri kitanguliwe na mazungumzo na mshauri wa jenetiki, na ikiwezekana mtu aende na mwenzake wa kumsindikiza siku ya majibu.

Kumbuka pia kwamba jibu la mmoja huweza kumfunulia mwingine. Mjukuu akipima na kukutwa na kasoro iliyotoka kwa babu, mzazi aliye katikati amekwisha kujulikana, hata kama alikataa kupima. Zungumzeni kabla. Dada yangu alipima, na majibu yake ni yake. Mimi sijapima hadi leo. Ninapojikwaa kwenye zulia husimama kidogo nikajiuliza, kisha nikaendelea na safari yangu. Sitaki mtu anitazame miguu nikipita, na ndiyo sababu nilikukataza kumchunguza ndugu yako mzima.

Kuufungua upya

Weka tarehe kwenye kona ya mchoro kila unapoongeza kitu, na umpe nakala mtu mmoja mdogo kuliko wewe anayeaminika. Kama ukoo wenu ulipimwa zamani na mkaambiwa hakuna kilichoonekana, msilichukulie jibu hilo kuwa la kudumu. Marudio ya jeni ya RFC1, yanayoleta kuyumba, ganzi ya miguu na mara nyingi kile kikohozi kikavu kinachotangulia kwa miaka, yalielezwa mwaka 2019. Ya FGF14, yanayowapata zaidi waliopita umri wa makamo na ambayo mara nyingi huanza kwa siku mbaya na siku nzuri, yalitangazwa mwishoni mwa 2022. Aliyepimwa 2015 hakutafutiwa lolote kati ya hayo. Rudi kwa daktari na karatasi ile ile, mwonyeshe shangazi aliyekohoa miaka 20 bila homa ya mapafu, na uombe jeni hizo mbili kwa majina.